Nasaha kwa Mwenye Kuizuru Husuni ya Daulatabad

Wengi katika watu wetu wanaovuka bahari kwenda India huenda kwa mojawapo ya haja mbili, kutafuta tiba au kutafuta elimu, na haja zote mbili zina tabia moja, nayo ni wingi wa siku za kungoja: kungoja majibu ya vipimo, kungoja kidonda kikauke, kungoja muhula ufunguliwe. Siku hizo aghalabu hupotelea katika vyumba vya kupanga na katika maduka makubwa ya Mumbai na Pune, hali ya kuwa kwa safari ya usiku mmoja wa gari la moshi kutoka Mumbai, au ya nusu siku kwa motokaa kutoka Pune, mtu mwenye afya na nafasi angeweza kusimama chini ya jabali lililochongwa likawa husuni, na ambalo wafalme wa dini na lugha mbalimbali waligombea kulimiliki kwa muda wa karne nyingi. Nimejaliwa kuizuru husuni hiyo mara mbili, mara ya kwanza kwa pupa na mara ya pili kwa utulivu, na tofauti niliyoiona baina ya safari hizo mbili ndiyo inayonisukuma kuandika nasaha hizi.

Husuni iko kadiri ya kilomita 15 kutoka mji wa Aurangabad, katika jimbo la Maharashtra, kando ya njia iendayo kwenye mapango ya Ellora. Mji huo tangu mwaka 2023 jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar, na kwa kuwa wenyeji bado hulitumia jina hili na lile, msafiri hana budi ayajue yote mawili, asije akashikwa na wasiwasi kituoni akidhani ameuziwa tikiti ya mji mwingine. Kutoka mjini kuna mabasi ya Ellora yapitayo hapo, kuna teksi, na kuna zile gari za magurudumu matatu ambazo Dar es Salaam tunaziita bajaji kwa jina la kampuni izitengenezayo, kampuni ambayo mojawapo ya viwanda vyake kiko Waluj, nje kidogo ya mji huo huo. Patana na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda, na mweleze mapema kuwa utakaa saa nne au tano, kwani wengi wao wamezoea wageni wa saa moja, na dereva aliyekata tamaa ya kungoja huwa mwenzi mzito wa safari.

Utakapoliona jabali lenyewe, likitokeza pweke katika uwanda kama pia iliyopinduliwa, usiharakie mlangoni. Simama kando ya njia, ulitazame. Lina urefu wa kiasi cha mita 200, nalo ni la mwamba mweusi wa volkeno, mabaki ya mimiminiko ya moto iliyoifunika nchi ya Dakan yapata miaka milioni 66 iliyopita. Sasa angalia sehemu yake ya chini: mteremko ambao Mwenyezi Mungu aliuumba ukiwa wa kupandika, wanadamu wameukata kwa tindo na nyundo pande zote hata ukasimama wima kama ukuta wa nyumba, kwa kimo cha mita 50 hivi, kisha chini ya ukuta huo wakachimba handaki katika mwamba ule ule. Mafundi wengi wa ngome hujenga kwa kuongeza jiwe juu ya jiwe; hawa walijenga kwa kuondoa. Mtu asipoufahamu ustadi huo akiwa bado nje, akiwa na jabali zima machoni, hataufahamu tena akiwa ndani, kwani huko ataona ngazi na kuta tu.

Wafalme wa ukoo wa Yadava, walioweka makao yao hapa mwishoni mwa karne ya 12, walipaita Deogiri, yaani mlima wa miungu. Jina la Daulatabad lilikuja mwaka 1327, wakati Sultani Muhammad bin Tughlaq alipoazimia kuuhamisha mji mkuu wa dola yake kutoka Delhi na kuuleta hapa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, akawaamuru wakuu, maulamaa na watu wengi wengineo wahame pamoja naye, jambo lililowatia katika mashaka makubwa na ambalo haikupita miaka 10 akalitengua. Nalitaja jina hilo kwa sababu sikio la Mswahili haliko ugenini mahali hapa. Daulat ni ndugu ya neno letu dola. Hodhi kubwa la maji utakalolikuta ndani huitwa Hathi Haud, hodhi la ndovu, na haud ni hodhi yetu hasa. Mnara huitwa minar. Jumba huitwa mahal, neno ambalo kwetu limebaki kuwa mahali. Mwenyeji akikusomea majina haya, msikilize taratibu, utaona kuwa nusu ya maana umekwisha kuijua kabla hajafasiri, na furaha ya kuijua hivyo haipatikani kwa mgeni wa kutoka Ulaya hata awe na vitabu vingi kiasi gani.

Yuko pia mtu mmoja ambaye macho yake yanaziunganisha pwani yetu na husuni hii. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kukutana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye jengo la Husuni Kubwa la Kilwa hunasibishwa na zama zake, alipita Daulatabad miaka kumi na kitu baadaye, akiwa katika utume wa Sultani wa Delhi kwenda Uchina. Ameandika kwamba husuni iliyo juu ya jabali hupandwa kwa ngazi ya ngozi ambayo usiku huinuliwa, na kwamba katika mashimo yake ya kufungia wahalifu wakubwa mna panya walio wakubwa kuliko paka. Msomaji aliyewahi kusimama Husuni Kubwa, juu ya ule mwamba wa matumbawe unaoitazama bahari, na achukue kumbukumbu hiyo pamoja naye: Kilwa husuni yajitanda mbele ya maji kama mwenyeji anayekaribisha majahazi, na Daulatabad imejikunja juu ya jiwe kama mtu aliyeamua kutomfungulia yeyote.

Ama wakati wa kwenda, miezi mizuri ni kuanzia Novemba mpaka Februari, ambapo asubuhi huwa na ubaridi na jua la mchana huvumilika. Mwezi wa Aprili na wa Mei joto la nchi ile hufika nyuzi 40 na zaidi, na mwamba mweusi hulihifadhi joto kama kikaango. Usiende wakati huo. Majira ya mvua, kuanzia Juni mpaka Septemba, hulivika jabali majani mabichi likapendeza mno, lakini ngazi huteleza, na kwa mwenye umri mkubwa au mwenye magoti mabovu uzuri huo haufai kununuliwa kwa mfupa. Katika siku za juma, nachagua Jumanne, kwa sababu moja iliyo nyepesi: mapango ya Ellora hufungwa kila Jumanne, na yale makundi makubwa ambayo huteremshwa Daulatabad kwa haraka yakiwa njiani kwenda Ellora siku hiyo hupungua. Na katika saa za siku, fika wakati mlango unapofunguliwa. Wageni wa nchi za nje hutozwa kiingilio kikubwa kuliko wenyeji, na hapana dhuluma katika hilo, maana wenyeji ndio wanaoitunza husuni kwa kodi zao. Bali chukua pasi yako ya kusafiria, au nakala yake, usije ukarudishwa.

Vitu vya kuchukua si vingi, ila kila kimoja ni sharti. Maji, lita mbili kwa kila mtu, kwani ukishaanza kupanda usitumaini duka. Viatu vya soli ya mpira iliyo na meno, wala si makubazi. Kofia au kilemba. Na kurunzi, tena yenye betri mpya. Taa ya simu hutosha kwa dharura, lakini mkono ulioshika simu ni mkono usioweza kushika ukuta. Wanawake wavaao buibui refu na walipandishe kidogo au wavae suruali ndani yake, kwa kuwa vipandio vingine vina kimo cha goti. Chakula usikionyeshe hadharani: kima wa huko, wale wenye uso mweusi na mkia mrefu, wamezoea watu hata wameondoa haya, na mfuko wa plastiki kwao ni mwaliko.

Sasa nije kwenye nasaha iliyo kubwa, ambayo laiti ningaliipata kabla ya safari yangu ya kwanza. Panda husuni kama adui aliyekuja kuiteka, kisha uiteremke kama mtu aliyekaa ndani yake. Namaanisha kwamba wakati wa kupanda usitazame mapambo wala usisome vibao; jiulize katika kila hatua, lau ningekuwa na panga mkononi na wenzangu nyuma yangu, hapa ningefanyaje? Husuni itakujibu. Kuta zake ziko safu baada ya safu, ya nje ikiitwa Ambarkot, ya kati Mahakot, na ya ndani Kalakot, na ukuta wa nje ule una jina la mtu ambaye nitarudi kwake mwishoni. Malango hayakupangwa kwa mstari mmoja. Ukilipita moja unalazimika kugeuka, na ukigeuka unakuta uwanja mwembamba wenye kuta ndefu pande zote, mahali ambapo jeshi zima lingesongamana huku likipigwa kutoka juu, na ndovu aliyefunzwa kuvunja milango kwa paji la uso asingepata nafasi ya kukimbia ili apate kasi. Katika mbao za milango yenyewe utaona misumari ya chuma iliyochongoka, imekaa kwa kimo cha paji hilo hasa. Gusa mmojawapo kwa kidole, polepole, ndipo utakapojua vita vya zama zile vilikuwa nini.

Ukiwa katika hali hiyo ya adui utapita kando ya hodhi, msikiti na mnara bila kusimama, na hayo yote usiyasikitikie, kwani utayarudia. Utapita pia Chini Mahal, jumba lililopambwa zamani kwa vigae vya buluu, ambamo Aurangzeb, mfalme wa Wamoguli, alimfunga Abul Hasan, sultani wa mwisho wa Golkonda, baada ya kuiteka Golkonda mwaka 1687, wala hakutoka tena. Karibu na hapo, juu ya buruji, umelala mzinga uitwao Mendha, yaani kondoo dume, kwa sababu kitako chake kimefinyangwa mfano wa kichwa cha kondoo mwenye pembe zilizojikunja. Mbele ya mzinga huo waweza kusimama kidogo. Tazama mdomo wake umeelekea wapi, na uhesabu ni upande gani wa uwanda usingeweza kuufikia. Utaona ni mdogo mno.

Kisha utafika kwenye handaki, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Handaki ni pana, limechimbwa katika mwamba mpaka chini, na kulivuka ni kwa daraja moja tu. Husimuliwa kwamba zamani njia ya kulivukia ilijengwa ikashuka katikati, ili walinzi wakiyapandisha maji ya handaki ipate kuzama, na adui asijue pa kukanyaga. Ukivuka unaingia Andheri, neno ambalo maana yake ni giza, nayo ni njia ya chini kwa chini iliyotobolewa katika mwamba, inayopanda na kujipinda na kupanda tena, yenye vipandio visivyolingana kimo, makusudi mguu usipate mazoea. Mna matundu na njia za uongo: aliyeufuata mwanga kwa kudhani ni mlango alijikuta ukingoni mwa handaki lile lile alilolivuka. Na mwisho wa njia, mdomoni, palikuwa na kifuniko cha chuma na mahali pa kuwashia moto, ili waliofaulu kupita mitego yote wakute chuma kilichopata moto na moshi unaoteremka kuwajaza mapafu.

Mimi niliingia humo saa sita mchana, bila kurunzi, nikitoka katika jua kali, pamoja na kundi kubwa la wanafunzi waliokuwa wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Popo wakaamka. Nikatanguliza mguu mahali nilipodhani pana kipandio, napo hapakuwa na kitu, nikaanguka kwa goti juu ya ncha ya jiwe, na siku yote iliyobaki nikaipitisha nimeketi. Mara ya pili niliingia mapema, watu wakiwa wachache, nikasimama ndani ya mlango kwa muda wa dakika tano nzima ili macho yazoee, ndipo nikaiwasha kurunzi na kuielekeza miguuni, mkono wa pili ukipapasa ukuta. Na katika kupapasa huko nikazihisi alama za tindo, mstari baada ya mstari, kila mmoja pigo la mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Nakusihi usiuondoe mkono katika ukuta ule. Naam, harufu ya popo ni kali. Mwenye pumu na afunike pua kwa kitambaa, au, ikiwa pumu yake ni ya kumtisha, asiingie kabisa, aulize kama ipo njia ya nje iliyo wazi siku hiyo.

Kutoka Andheri hadi kileleni ni suala la pumzi tu. Ngazi zote pamoja ni kadiri ya 750, na siri ya kuzipanda ni kupumzika kabla hujachoka. Baradari, jumba lenye varanda linalohusishwa na ziara ya mfalme wa Kimoguli Shah Jahan katika karne ya 17, liko katika sehemu ya juu na lina kivuli kizuri. Keti hapo robo saa. Karibu na kilele kuna pango dogo linalohusishwa na Janardan Swami, mtawa wa Kihindu wa karne ya 16 ambaye alikuwa pia mkuu wa husuni hii, na wako watu wanaolipanda jabali zima kwa ajili yake pekee. Ukiwakuta, vua viatu kama wao, au kaa kando kwa adabu.

Huko juu utaona kuwa adui umeshindwa. Hapana lango ambalo ungelivunja, hapana ukuta ambao ungeupanda. Na hali hiyo ndiyo itakayokufanya uulize swali la haki, kwamba ilikuwaje, basi, husuni hii ikapokonywa mara kwa mara?

Jawabu liko katika kuteremka. Badilisha moyo wako sasa, uwe mtu wa ndani, mwenye mke na watoto na mbuzi wawili, unayeutazama uwanda umejaa mahema ya wageni. Hutajali tena misumari ya mlangoni. Utatafuta maji, na utatafuta nafaka. Mwaka 1296, wakati Alauddin Khalji alipotokea ghafula kutoka kaskazini na mfalme Ramachandra akajifungia humu, jeshi lake kubwa likiwa mbali, waandishi wa tarikhi za India husimulia kwamba magunia yaliyoingizwa husunini kwa haraka yakidhaniwa kuwa ya nafaka yalipofunguliwa yalionekana kuwa ni chumvi. Mfalme akatoa mali nyingi, akafanya suluhu. Na mwaka 1633, majeshi ya Shah Jahan yalipoihusuru husuni kwa miezi kadhaa, hata waliomo wakadhoofika kwa njaa, aliyeikabidhi kwa mapatano ni Fath Khan, mkuu wake mwenyewe. Mwamba ulikuwa mzima mara zote mbili. Tumbo ndilo lililofungua mlango.

Kwa hiyo ukifika tena chini, nenda Hathi Haud ukae juu ya ukingo wake, kwa muda mrefu kuliko ule uliokaa mbele ya mzinga. Ni hodhi la mraba, kila upande kiasi cha mita 38, limezama chini na limejengwa kwa mawe yaliyokatwa kwa usahihi, na katika husuni nzima, kwa maoni yangu, hapana kitu cha thamani kushinda hicho, ingawa wageni wengi hulipita bila kugeuka, wakidhani ni shimo. Hesabu ni watu wangapi wangekunywa humo, kwa siku ngapi, pamoja na ndovu na farasi wao. Zitafute pia zile birika zilizotobolewa katika mwamba wa juu, na visima vyenye ngazi za kuteremkia majini. Mtu wa pwani aliyekulia karibu na visima vya Lamu au birika za Kilwa ana jicho la kuyaona hayo kuliko mtu aliyezoea mfereji wa chumbani.

Mbele ya hodhi ndipo palipo na ule msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1318, uliojengwa katika zama za Sultani Qutbuddin Mubarak, ambao nguzo zake nyingi zilitolewa katika mahekalu ya kale, nazo waweza kuzitambua kwa nakshi zake ukikaribia. Leo pahali pa kibla pana sanamu ya Bharat Mata, mama wa nchi ya India, iliyowekwa baada ya dola ya Nizamu wa Hyderabad kuingizwa katika India mwaka 1948. Kila mwenye kuingia hapo huingia na moyo wake, Mwislamu na wake, Mhindu na wake, na hivi leo maneno juu ya majengo ya namna hii ni makali katika nchi ile. Wewe ni mgeni. Tazama, nyamaza, wala usichangie mabishano hata ukiulizwa kwa upole, na usipige picha watu walio katika ibada.

Ng'ambo ya pili umesimama Chand Minar, mnara wa mwezi, uliojengwa na masultani wa Bahmani katika karne ya 15, wenye ghorofa nne na vibaraza vinavyouzunguka, na chini yake mabaki ya vigae vya buluu vya namna ya Kiajemi. Usitaraji kuruhusiwa kuupanda. Uzuri wake, hata hivyo, ni wa kutazamwa kutoka chini, hasa jua linapoinama na rangi yake ikawa kama ya tende mbivu.

Nimewaandikia mpaka sasa wenye miguu, na sipendi waliobaki wadhani wamesahauliwa. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, mzee, na hasa mgonjwa ambaye tabibu wake hajamruhusu kupanda ngazi, asivuke handaki. Malango, hodhi, msikiti, mnara na mzinga vyote viko upande wa huku, kwenye mwinuko mdogo, na mtu aliyeviona hivyo kwa makini saa mbili ameiona husuni kuliko kijana aliyekimbia kileleni kujipiga picha. Mchukue mama yako mpaka hodhini, mkae kivulini, mnywe chai mliyoichukua katika chupa.

Liko neno moja lazima niliseme kwa uchungu. Katika kuta za Andheri, juu ya nguzo, na hata juu ya shaba ya mizinga, watu wamekwaruza majina yao na ya wapenzi wao, kama wanavyokwaruza magofu ya kwetu. Jiwe lililovumilia baruti halina kinga juu ya msumari wa mtu asiye na kazi. Usiandike, usimpe mtoto wako kitu cha kukwaruzia, usibandue kigae hata kilicholegea, usiketi juu ya mzinga. Ukimwona mwingine akifanya, mwite mlinzi bila kuogopa lawama.

Baada ya husuni, ukiwa bado na nguvu, usiende Ellora siku ile ile. Najua madereva wote watakushauri uende, na najua ni kilomita 15 tu mbele. Lakini hekalu la Kailasa, lililochongwa kutoka juu kwenda chini katika mwamba wa jinsi ile ile katika karne ya 8, linastahili macho yaliyolala usiku kucha. Badala yake mwambie dereva akupeleke Khuldabad, kilomita chache tu, mji wa mawalii na makaburi, ambako amezikwa Burhanuddin Gharib, mmoja katika masufi waliokuja kusini katika zama za ule mhamo wa Delhi, na ambako Aurangzeb mwenyewe, aliyefariki mwaka 1707, ana kaburi lisilo na kuba, wazi chini ya mbingu. Kwenye kaburi hilo huenda ukakuta ulinzi mkali, fuata unachoambiwa.

Lakini aliye haja yangu Khuldabad ni mwingine. Yapata mwaka 1548 katika nchi ya Uhabeshi alizaliwa mtoto aliyeitwa Chapu. Akauzwa utumwani, akapitishwa katika masoko ya Bahari ya Shamu na ya Iraki, akafikishwa Dakan, akawa askari, akawa amiri, na mwisho akawa Malik Ambar, mtawala khasa wa dola ya Nizam Shahi, aliyewazuia Wamoguli wasiimeze Dakan kwa muda wa miaka mingi, akaifanya Daulatabad kuwa makao ya dola, na akaujenga mji wa Khadki, ambao ndio Aurangabad ya leo, pamoja na mifereji ya chini ya ardhi ya kuuletea maji. Fath Khan aliyeikabidhi husuni mwaka 1633 alikuwa mwanawe. Yeye mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1626, na husuni ingali mkononi mwake. Hakuwa Mswahili, wala haifai tumfanye awe mmoja wetu kwa kujitia fahari. Lakini alivukishwa bahari ile ile, kutoka bara hili hili, na ukuta wa nje uliopita chini yake asubuhi una jina lake.

Kaburi lake lina kuba, liko pembeni mwa mji, na si kila dereva anayelijua, kwa hiyo tamka jina waziwazi, Malik Ambar, na ikiwa hakuelewa muulize mzee wa dukani. Nenda baada ya Alasiri. Nilipofika hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi na mvulana mmoja aliyekuwa akiwachunga, naye alipouona uso wangu akaniuliza kwa Kiurdu kama mimi ni jamaa ya marehemu.